Chaki na Mizani: Malipo ya Mwalimu kati ya Uvira na Milima ya Mulenge

Swali la kama mwalimu wa shule hulipwa kwa haki akilinganishwa na watu wa kazi nyingine huulizwa karibu katika kila nchi, na mara nyingi hujibiwa kwa kuweka tarakimu mbili ubavuni, mshahara wa mwalimu upande huu na wa daktari au karani wa benki upande ule, kisha msomaji huachwa aamue mwenyewe mizani imeelemea wapi. Njia hiyo hufaa pale ambapo kila mtumishi ana mshahara mmoja unaojulikana, unaofika siku inayojulikana. Katika mji wa Uvira, kwenye ncha ya kaskazini ya Ziwa Tanganyika, na katika nyanda za juu za Mulenge zilizoinuka nyuma ya mji huo, njia hiyo haitoshi, kwa sababu walimu watatu wa shule moja, wenye diploma moja na wanaoandika kwenye ubao wa aina moja, wanaweza kuwa na mapato matatu yasiyofanana hata kidogo: wa kwanza hulipwa na serikali, wa pili huishi kwa michango ya wazazi, na wa tatu hana anayemlipa. Kabla ya kumpima mwalimu na daktari, basi, hapana budi kumpima mwalimu na mwalimu mwenzake.

Cheo cha mwalimu katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo hutajwa kwa herufi na tarakimu ya diploma yake. Mwalimu wa shule ya msingi kwa kawaida ni D6, yaani mtu aliyemaliza miaka sita ya sekondari katika tawi la ualimu na kupata diploma ya taifa. Mwalimu wa sekondari ni G3, aliyeongeza miaka mitatu ya chuo cha ualimu kama ISP ya Bukavu, au L2, aliyefika miaka mitano kwa hesabu ya mfumo wa vyuo uliokuwapo kabla ya mageuzi ya karibuni. Ngazi hizi zina maana kubwa katika mjadala wa haki, kwa kuwa kipimo kinachokubalika kimataifa kimejengwa juu ya elimu ya mtu. Pendekezo kuhusu hali ya walimu, lililopitishwa Paris tarehe 5 Oktoba 1966 na mkutano ulioitishwa na UNESCO pamoja na Shirika la Kazi Duniani, linasema kwamba mshahara wa mwalimu unapaswa kulingana vema na ule wa kazi nyingine zinazodai elimu ya kiwango hicho hicho, na kwamba umwezeshe kuishi na familia yake maisha yanayostahili. Tarehe hiyo ndiyo inayoadhimishwa kama Siku ya Walimu Duniani, ingawa Kongo ina siku yake yenyewe ya elimu, tarehe 30 Aprili, ambayo walimu wa Uvira huitumia kuhesabu ahadi zilizotimizwa na zile ambazo bado zinasubiri.

Jinsi mwalimu wa Kongo alivyofika hapa alipo ni habari inayohitaji kuelezwa taratibu, kwa sababu haikutokana na uamuzi mmoja. Enzi ya ukoloni wa Ubelgiji shule nyingi zilikuwa mikononi mwa misioni, na kwa lugha ya vijijini neno mwalimu lilimhusu vilevile katekista, mtu aliyesimamia sala Jumapili na hesabu Jumatatu. Rais Mobutu alizitaifisha shule hizo mwaka 1974, kisha baada ya muda mfupi serikali ikatambua kwamba haikuwa na uwezo wa kuziendesha, na tarehe 26 Februari 1977 ikatiwa saini hati ya makubaliano kati ya dola na makanisa. Kutokana na hati hiyo zikapatikana shule ambazo hadi leo huitwa konvensione, yaani shule ambazo kanisa husimamia uendeshaji na maadili, na serikali hulipa walimu. Za Kikatoliki, za Kiprotestanti, za Kikimbangu na za Kiislamu zote zimo katika utaratibu huo, na shule nyingi za mji wa Uvira na za milimani ni za namna hiyo. Mwalimu wa shule ya konvensione ana mabwana wawili, mmoja anayempangia kazi na mwingine anayepaswa kumlipa, na anapokosa mshahara kila mmoja wao ana sababu ya kumwelekeza kwa mwenzake.

Katika miaka ya 1980, Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo, iliyokuwa imezama katika madeni, ilipunguza matumizi yake kwa masharti ya wakopeshaji wa nje, na elimu ikawa miongoni mwa mafungu yaliyokatwa zaidi. Miaka iliyofuata mfumuko wa bei ulikula kila kilichobaki, hata mwaka 1993 serikali ikatoa sarafu mpya ambayo zaire moja yake ilichukua nafasi ya zaire milioni tatu za zamani. Mshahara uliotangazwa mwanzoni mwa mwezi haukutosha kununua chumvi mwezi ulipokwisha. Walimu waligoma, shule zikafungwa, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 wazazi, kwa kuogopa kwamba watoto wao wangepoteza mwaka mwingine, wakakubali kuchanga fedha za kumrudisha mwalimu darasani. Mchango huo ukapewa jina la primu ya motisha. Ulikusudiwa uwe dawa ya muda mfupi, lakini ukadumu kwa zaidi ya robo karne.

Athari ya primu hiyo haijafahamika ipasavyo hata leo. Kwanza, ilimfanya mwalimu awe mtumishi wa serikali anayelishwa na raia anaowahudumia, jambo ambalo hakimu au askari hakuwekewa kama utaratibu rasmi. Pili, iliwagawa walimu kwa kufuata mifuko ya wazazi: mwalimu wa shule ya mjini yenye watoto wa wafanyabiashara alipata mara kadhaa ya kile alichopata mwenzake wa kijijini, ambaye wazazi wa wanafunzi wake walileta debe la mahindi au maharagwe pale walipoweza. Tatu, ilimpa mwalimu kazi ya kukusanya madeni, kwa sababu siku ambayo mtoto asiyelipa alirudishwa nyumbani, aliyesimama mlangoni kumtaja jina alikuwa mwalimu wake mwenyewe. Heshima iliyokuwa imejengwa na vizazi vya walimu ilipungua mlangoni hapo, na haikuwa kosa lao.

Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, katika kifungu cha 43, ilitamka kwamba elimu ya msingi ni ya lazima na ni ya bure katika shule za umma, na sheria ya elimu ya mwaka 2014 ikalirudia jambo hilo, lakini ahadi ilikaa katika karatasi hadi Septemba 2019, wakati serikali ya Rais Félix Tshisekedi ilipoamuru itekelezwe nchi nzima. Kwa familia maskini huo ulikuwa uamuzi mkubwa na mwema. Watoto ambao hawakuwahi kukanyaga darasa waliandikishwa, na kwa hesabu ya serikali idadi yao ilizidi milioni nne. Lakini siku primu ilipofutwa, mwalimu wa mjini alipoteza sehemu kubwa ya pato lake kwa mara moja, ilhali nyongeza ya serikali haikuziba pengo hilo, na wakati huohuo darasa lake la watoto 50 likawa na watoto wengi zaidi, wengine wakiketi sakafuni. Katika miji ya Kivu, eneo la mashariki lenye Uvira na Bukavu, ambako primu ilikuwa kubwa, kilio kilisikika zaidi kuliko vijijini, ambako walimu wengine waliona afadhali kidogo. Elimu ya bure, kwa maneno mengine, haikuwa bure kwa kila mtu: sehemu ya gharama yake ililipwa na mwalimu.

Ni hapo swali la kulinganisha kazi na kazi linapopata uzito wake. Mtumishi wa serikali ya Kongo hupokea vitu viwili vinavyochanganywa mara kwa mara katika mazungumzo, mshahara wa msingi na primu, yaani nyongeza ambazo nchini Tanzania na Kenya huitwa posho au marupurupu. Mshahara wa msingi ni mdogo karibu kwa wote, na tofauti ya kweli kati ya mtumishi na mtumishi imo katika primu. Madaktari, kwa migomo ya miaka mingi ya chama chao cha SYNAMED, walipata primu ya hatari. Watumishi wa idara za mapato, zile za kodi na forodha, hupewa kwa mujibu wa kanuni sehemu ya fedha wanazozikusanyia serikali, kwa hiyo pato lao huongezeka malori yanapoongezeka mpakani. Askari na polisi, vita vilipozidi kuwaka upande wa mashariki, waliongezewa malipo maradufu kwa tangazo la mwaka 2025, na hakuna mkazi wa Uvira mwenye moyo wa haki atakayewaonea wivu kwa hilo. Mwalimu hakusanyi kodi, hapokei mgonjwa mahututi na habebi silaha, na matunda ya kazi yake huonekana baada ya miaka kumi au kumi na tano, kwa hiyo hana kitu cha kushikilia mezani isipokuwa kufunga darasa. Akilifunga, anayeumia wa kwanza ni mtoto wa maskini, naye mwalimu analijua hilo kuliko mtu yeyote.

Dola ya Kongo iliwahi kukubali kwamba hali hiyo ni mbaya na ikaandika dawa yake. Februari 2004, katika mazungumzo yaliyofanyika Mbudi, pembezoni mwa Kinshasa, serikali na vyama vya watumishi wa umma walikubaliana ngazi moja ya mishahara ambayo aliye chini kabisa, yaani tarishi wa ofisi, angepata dola 208 kwa mwezi, na aliye juu kabisa, katibu mkuu wa wizara, angepata dola 2,080, ili tofauti kati ya wa mwisho na wa kwanza isizidi mara kumi. Ngazi hiyo haikutekelezwa. Miaka 20 baadaye, walimu walipogoma Septemba 2024 wakidai mshahara usiopungua thamani ya dola 500, walimu wengi wa shule za msingi walikuwa bado hawajafikia hata kiwango ambacho tarishi aliahidiwa mwaka 2004. Ndani ya miaka hiyo 20 mwanasiasa Martin Fayulu alitangaza hadharani kwamba mbunge wa taifa hupokea dola 21,000 kwa mwezi, na tarakimu hiyo, iliyozua ubishi mkali, ikawa kipimo ambacho walimu hukitaja katika kila mkutano wa chama. Hata mtu akipunguza nusu ya tarakimu hiyo, na nusu tena, uwiano wa mara kumi uliokubaliwa Mbudi unabaki mbali sana.

Jambo jingine linalopotosha ulinganisho ni sarafu. Mshahara wa mwalimu huandikwa kwa faranga za Kongo, lakini maisha ya Uvira huhesabiwa kwa dola: kodi ya nyumba na dhamana yake, karo ya chuo cha mtoto, hata simu ya mkononi. Mwaka 2019 dola moja ilibadilishwa kwa faranga zipatazo 1,650, na mwaka 2024 ikafika karibu 2,800. Kwa hesabu hiyo, mtu aliyeshika faranga 200,000 mwaka 2019 alikuwa na dola 121 hivi, na mwenye noti hizo hizo mwaka 2024 alikuwa na dola 71. Nyongeza nyingi zilizotangazwa kwa shangwe miaka hiyo zilitumika kurudisha tu kile ambacho kushuka kwa faranga kulikuwa kumeshachukua, na mwalimu aliyeambiwa kwamba ameongezewa mara mbili au tatu hakudanganya aliposema sokoni kwamba sahani yake ya ugali wa muhogo na ndagala haijabadilika.

Yote yaliyosemwa hadi hapa yanamhusu mwalimu aliyemo katika orodha ya malipo. Orodha hiyo iliwekwa chini ya idara iitwayo SECOPE tangu miaka ya 1980, na sasa inaitwa DINACOPE, kazi yake ikiwa ni kuhesabu walimu, kuhakiki majina na kutayarisha malipo. Mwalimu anayeingizwa humo hupewa matrikuli, yaani nambari ya utumishi, na husemwa kwamba amemekanizwa, neno linalotumiwa kila siku katika baraza za shule za Uvira na ambalo mtu wa nje asipolielewa hataelewa lolote kuhusu maisha ya walimu wa huko. Asiyemekanizwa huitwa NU, kifupi cha maneno ya Kifaransa yenye maana ya mwalimu mpya aliyeajiriwa bila kuingizwa katika malipo, au NP, mwalimu mwenye nambari ambaye bado halipwi. Herufi mbili hizo zimekuwa kama jina la ukoo. Kuna walimu ambao wamekuwa NU kwa miaka mingi, wameoa, wamezaa na wamewapeleka watoto wao katika shule ile ile wanayofundisha, huku kila ripoti ya mwezi ikiondoka na majina yao na kurudi bila fedha. Na wakati wao wakingoja, ukaguzi wa fedha za umma ulifichua majina ya walimu hewa na shule hewa zilizokuwa zikilipwa, na mwaka 2021 kesi za ubadhirifu wa fedha za elimu zikafika mahakamani Kinshasa. Benki ya Dunia, iliyokuwa imeidhinisha dola milioni 800 mwezi Juni 2020 kwa ajili ya kuisaidia elimu ya bure, ilizuia sehemu ya malipo hayo kwa shaka juu ya usimamizi. Aliyepo darasani hakulipwa, na asiyekuwapo alilipwa: dhuluma ya namna hiyo haipimwi kwa asilimia.

Kwa mwalimu wa milimani, hata aliyemekanizwa, mshahara una gharama yake ya kuufuata. Tangu mwaka 2011 serikali ilipoanza kulipa watumishi wake kupitia benki, mwalimu wa mjini aliondokana na mikono mingi iliyokuwa ikimega bahasha yake njiani, na hilo lilikuwa jambo jema. Lakini nyanda za juu hazina benki, na kwa muda mrefu mashirika kama Caritas yalipewa kazi ya kupeleka fedha pale ambapo benki hazifiki, kwa kuchelewa ambako kila mtu alikutarajia. Mwalimu wa Bijombo au wa vijiji vinavyoizunguka Mulenge huteremka kwa miguu safari ya siku nzima au zaidi, njia nyembamba ya mawe na utelezi, akipita maeneo yenye watu wenye silaha ambao baadhi yao hutoza kila mpita njia. Hufika Uvira jioni, hulala kwa ndugu au kwa mtu wa kanisa lake, na asubuhi hujiunga na foleni iliyoanza kujipanga kabla ya jua kutoka ng'ambo ya ziwa, upande wa Burundi. Mtandao ukikatika hulala usiku wa pili. Anapopata fedha, hutoa ya chakula, ya malazi, ya mzigo wa chumvi na sabuni anaorudi nao, na ya yule aliyemkopesha mwezi uliopita. Wanafunzi wake, kwa siku zote hizo, hawana mwalimu, na hakuna kitabu cha hesabu kinachoonyesha hasara hiyo.

Huyo aliyemkopesha anastahili kuelezwa. Katika Kongo yote kuna wakopeshaji wa mitaani ambao watu huwaita banki lamberi, ambao humpa mwalimu fedha katikati ya mwezi na kudai riba nzito mwisho wa mwezi huo huo, mara nyingine wakishika kadi yake ya benki kama rehani. Mwalimu anayekopa kwa njia hiyo hupata mshahara ambao umeshapungua kabla haujamfikia, kisha hulazimika kukopa tena mapema zaidi. Wenye busara hujiunga na likelemba, mzunguko ambao wanachama huchanga kila mwezi na mmoja wao huchukua chungu chote kwa zamu, na wengi wamejengea vyumba vyao viwili kwa njia hiyo. Mafuriko ya mto Mulongwe ya Aprili 2020, yaliyobomoa nyumba kwa maelfu katika mji huo, na ziwa lililopanda na kuingia mitaa ya pwani miaka iliyofuata, yaliwarudisha baadhi yao kwenye kupanga.

Husemwa, na hoja hii inahitaji kujibiwa kwa heshima, kwamba mwalimu hufanya kazi nusu siku, ana likizo ndefu na ana nafasi ya kujitafutia riziki mchana, wakati daktari huitwa usiku wa manane. Ni kweli kwamba shule nyingi za msingi huendeshwa kwa zamu, asubuhi au baada ya saa sita, na ni kweli kwamba walimu wengi wa Uvira huendesha taksi-moto, hulima bonde la Ruzizi au huuza vitenge jioni. Lakini anayesema hivyo hajawahi kuona meza ya mwalimu saa mbili usiku. Mwalimu wa msingi wa Kongo hutakiwa kuandika fishi, yaani mpango kamili wa somo, kwa kila somo la kesho yake, pamoja na lengo, vifaa, maswali na majibu yanayotarajiwa. Kisha hujaza jurnali ya darasa, daftari ambalo direkta wa shule hulitia saini na mkaguzi hulidai afikapo. Masomo matano au sita kwa siku ni fishi tano au sita kwa mkono, na umeme unapokatika, jambo la kawaida mjini, huandikwa kwa mwanga wa simu. Baada ya fishi huja madaftari ya watoto, na mwalimu mwenye watoto 80 anayempa kila mmoja dakika mbili tu za kusahihishiwa anahitaji dakika 160. Anayekwenda kubeba abiria kwa pikipiki hutoa saa hizo kutoka kwenye fishi na kwenye madaftari, hana mahali pengine pa kuzitoa. Kusema kwamba mshahara mdogo ni haki kwa sababu mwalimu ana kazi ya pili ni kusahau kwamba kazi hiyo ya pili ilizaliwa na mshahara mdogo.

Hoja yenye nguvu zaidi dhidi ya nyongeza ni ile ya wingi. Walimu ndio kundi kubwa kuliko yote katika malipo ya serikali, kwa hiyo kila dola anayoongezwa mmoja wao huzidishwa mara malaki. Kwa mfano wa hesabu tu, nyongeza ya dola 10 kwa mwezi kwa walimu laki tano ni dola milioni 60 kwa mwaka, fedha ambazo waziri wa bajeti hawezi kuziokota njiani. Wabunge na mahakimu ni wachache, ndiyo maana ni rahisi kuwalipa vizuri. Lakini urahisi huo ni habari ya hazina, wala haujibu swali la nani anastahili nini. Tena nchi jirani zimeonyesha kwamba wingi hauzuii kila kitu. Rwanda, nchi ndogo isiyo na migodi ya Kongo, mwezi Agosti 2022 iliwaongezea walimu wa shule za msingi asilimia 88 ya mshahara wao, na wale wa sekondari wenye diploma na shahada asilimia 40, na kwa kuwa Rwanda ni ng'ambo tu ya mto Ruzizi kutoka Bukavu, habari hiyo ilifika upesi katika baraza za shule za Kivu. Kiwango walichoanzia kilikuwa cha chini sana, na asilimia kubwa ya kitu kidogo hubaki na mipaka yake, lakini uamuzi ulifanyika.

Uganda ilichukua njia nyingine katika mwaka huohuo, nayo ni funzo la namna yake. Serikali ya huko iliamua kwamba mwalimu wa sekondari mwenye shahada ya sayansi alipwe shilingi za Uganda milioni nne kwa mwezi, huku mwenzake wa historia, fasihi au dini akibaki karibu na milioni moja. Juni 2022 chama cha walimu UNATU kiliitisha mgomo, kikisema kwamba watu wawili wenye elimu sawa na vipindi sawa wanaoingia mlango mmoja wa shule hawawezi kupimwa kwa mizani mbili. Kenya nayo, mwezi Oktoba 1997, miezi michache kabla ya uchaguzi, iliwaahidi walimu nyongeza ya kati ya asilimia 150 na 200 itakayolipwa kwa awamu, ikatoa awamu ya kwanza, ikasita, na mgomo mkubwa wa mwaka 1998 ukafuata. Madai ya nyongeza hiyo yaliendelea kutajwa kwa miaka mingi baadaye. Mifano hii miwili inaonyesha kwamba mwalimu huvumilia zaidi mshahara mdogo kuliko anavyovumilia mshahara unaomfanya mdogo mbele ya mwenzake, au ahadi iliyotiwa saini kisha ikaachwa.

Kwa mtazamo huo, dai la dola 500 linalotajwa na vyama vya walimu kama SYECO na SYNECAT, ingawa lina haki, linapaswa kutanguliwa na mambo mawili ambayo hayahitaji fedha nyingi kama linavyohitaji lenyewe. La kwanza ni orodha safi ya walimu, ili kila aliyepo darasani awemo na kila asiyekuwapo atoke, na NU na NP wawe maneno ya zamani. La pili ni ngazi moja inayojulikana na wote, kama ile ya Mbudi, ambamo primu za kila idara zinahesabiwa waziwazi pamoja na mshahara, ili raia akitaka kulinganisha mwalimu wa D6 na karani wa forodha mwenye diploma hiyo hiyo apate kulinganisha kitu na kitu. Pasipo mambo hayo, nyongeza yoyote itaendelea kumfikia mwalimu wa mjini aliyemekanizwa na kumruka yule wa milimani ambaye jina lake bado linasafiri katika ripoti.

Vita vimezidisha uzito wa jambo hili. Tangu mwaka 2017 vijiji vingi vya nyanda za juu vimechomwa, shule zimehamishwa pamoja na watu wake hadi kwenye makambi na miji midogo, na walimu wameanza tena chini ya turubai na watoto wa vijiji vitatu au vinne waliokusanyika pamoja. Februari 2025 Bukavu, makao makuu ya mkoa, ilipoangukia mikononi mwa waasi wa AFC/M23, uongozi wa mkoa ulihamia Uvira. Desemba ya mwaka huo Uvira yenyewe ikaingiliwa, na wengi wakavuka mpaka kwenda Burundi. Benki zinapofungwa, mwalimu ndiye mtumishi ambaye hana chakula cha kambini wala cha hospitalini cha kumshikilia, na hata hivyo katika vituo vingi vya wakimbizi wa ndani kilichosimama mapema baada ya maji na choo ni ubao, na mbele yake mtu wa D6.

Wakati huo huo wale wenye G3 na L2 wanaojua Kifaransa kizuri na kuandika ripoti huondoka. Mashirika ya misaada yaliyojaa Uvira huwahitaji kama wasimamizi na wakusanya takwimu, na kwa mkataba wa miezi michache hulipa kile ambacho shule hailipi kwa mwaka. Hakuna wa kuwalaumu. Nafasi inayoachwa hujazwa na kijana aliyetoka tu kupata diploma, anayeingia kama NU, na kwa kuwa hana mshahara, kamati ya wazazi hukaa na direkta na kukubaliana mchango mdogo wa kumshika mkono, ambao haupewi tena jina la primu kwa sababu primu imekatazwa katika shule ya msingi, bali huandikwa daftarini kama mchango wa chaki, wa karatasi za mtihani au wa kukarabati paa.